Maziwa ya Karantini

Mtu akikuambia Vero wa Kibingo aliwahi kusafiri nje ya nchi, usicheke mapema. Ni kweli alisafiri. Alivuka daraja la Murongo kwa miguu, ndala kashika mkononi kwa sababu ya tope, akaenda kumzika mama yake Kikagati, upande wa Uganda, akarudi. Huko ndiko nje kwenyewe. Ukisimama Murongo ukapiga mluzi, mbwa wa Kikagati anageuka. Lakini mwaka ule wa korona serikali iliamka ikasema anayetoka nje akae wiki mbili peke yake, gharama zake mwenyewe, na haikuuliza kama nje yenyewe ni Uchina au ni kwa mama yako.

Vero alizaliwa huko ng'ambo, akaolewa huku. Kwa watu wa mpakani hilo wala si habari, mto wenyewe wanauona kama mfereji uliopita katikati ya shamba la ukoo. Alipofika Kibingo kwa Benjamin alikuwa mwembamba, kicheko chake kikubwa kuliko mwili. Migomba ya wakwe ilimpenda. Kahawa aliianika mwenyewe, akaigeuza mwenyewe, akaipembua mwenyewe. Shida ilikuwa tumbo. Miaka ikapita, tumbo halishiki. Mama mkwe wake, Benadeta, hakuwahi kumtukana hata siku moja. Alifanya kitu kibaya zaidi: aliazima wajukuu wa majirani, akawabeba mgongoni, akawa anapita nao mbele ya mlango wa Vero akiwaimbia.

Halafu akaja Kokugonza. Koku.

Na maziwa yakaja kama vile yalikuwa yamewekewa akiba miaka yote hiyo. Vero akikaa kanisani, mahubiri hayajafika katikati, blauzi imeshalowa mabaka mawili. Wanawake wa kwaya wakampa jina.

"We Frizian, sogea huko bojo, tafadhali, unatulowesha!"

"Nileteeni ndoo basi," Vero anajibu, "niwakamulie na nyinyi mliokauka."

Wanacheka hadi mchungaji anakohoa. Kwa mwingine lingekuwa tusi. Kwa Vero lile jina lilikuwa cheo. Mtu aliyeitwa tasa kwa kunyamaziwa, leo anaitwa ng'ombe wa maziwa kwa sauti kubwa mbele ya usharika mzima! Alikuwa anatembea kifua mbele, na kifua chenyewe kilikuwepo.

Benadeta naye akabadilika. Alimlisha mkwe wake katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, asubuhi na jioni, akamfundisha mambo ya kwao. Moja alilirudia sana.

"Maziwa ya mama hayamwagwi ovyo. Usimwage chooni, usimwage kwenye jua. Ukizidiwa, nenda kakamulie kwenye shina la mgomba, pale chini penye ubaridi. Mgomba haukauki, na wewe hutakauka. Ukimwaga chooni, umelimwaga ziwa lako lote. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia. Afadhali asingesikia.

Koku alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa, anaanguka upande kama gunia lisilojaa, dada yake Vero alipopiga simu kutoka Kikagati. Mama yao amekufa. Vero akapiga yowe, majirani wakaja, na kabla machozi hayajakauka akaanza kutafuta kanga ya kumbebea mtoto.

Benadeta akaishika ile kanga.

"Mtoto anayenyonya haendi kaburini. Ubaridi wa maiti unamwingia. Hata wewe unajua."

"Najua, mama. Lakini atanyonya nini?"

"Atakunywa maziwa ya ng'ombe, na maji ya wali tutampa. Nenda kamzike mama yako, urudi. Kwani unakwenda Ulaya?"

Vero akamnyonyesha Koku titi la kulia, akamhamishia la kushoto, akamrudisha la kulia mpaka mtoto akalewa. Akaondoka. Mama yake alizikwa, udongo ukatupwa, na wakati ndugu wengine wanatandika majani ya kulalia msibani, Vero tayari alikuwa anaomba ruhusa. Dada yake alikasirika. Mama hajapoa unakimbia? Vero akafungua kanga akamwonyesha kifua. Kilikuwa kigumu kama papai bichi, mishipa imetoka. Dada akamsindikiza hadi darajani.

Upande wa huku walikuwa wamefunga kamba. Kijana wa afya, umri wa mdogo wake wa mwisho kabisa, badala ya kumpa shikamoo akamwelekezea kipimo cha joto kwenye paji la uso kama bastola.

"Umetoka wapi, mama?"

"Kikagati. Kumzika mama yangu."

"Pole sana. Nje ya nchi, basi."

"Nje ya nchi wapi, baba? Si hapo? Ile migomba unayoiona ile ndiyo ya kwetu."

"Hata kama. Nchi ni nchi. Nenda kakae pale kwenye kamba."

"Nina mtoto ananyonya nyumbani."

"Ana umri gani?"

"Ameanza kukaa."

"Basi atakula uji," akasema yule kijana, na akamgeukia mtu mwingine. "Wiki mbili si mwaka."

Yeye na wengine waliozuiwa darajani wakapandishwa nyuma ya gari, wakapelekwa gesti moja huko Isingiro. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi ya zambarau: MAPUMZIKO LODGE. Chumba kina kitanda, godoro bado liko na nailoni yake, sinki dogo lenye ufa, na dirisha la nondo na wavu linalotazama nyuma. Huko nyuma kulikuwa na uwanja mdogo, bafu na choo, kisha ukuta mfupi wa tofali, na nje ya ukuta mgomba mmoja mnene, umeota penye maji ya bafu. Mlangoni mwa gesti alikaa mgambo, mzee Anastazi, na barakoa aliyoivaa chini ya kidevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee. Sina ubaya na wewe, ila usisogee."

Siku ile Vero alikaa kitandani akakamua. Alipata kikombe cha plastiki, kikajaa. Akakamulia kwenye chupa ya maji, ikafika nusu. Maumivu yakashuka kidogo, akapumua. Halafu akasimama katikati ya chumba, kikombe mkono huu, chupa mkono huu, akatazama sinki.

Sinki linakwenda wapi? Linakwenda chooni. Akarudi akakaa.

Chumba cha pili kulikuwa na mfanyabiashara wa mitumba, Nsanzimana, mtu wa asili ya Rwanda aliyekulia Kihanga, naye kakamatwa darajani na marobota yake. Walikuwa wanaongea dirisha kwa dirisha bila kuonana.

"Jirani! Umeshaogelea?"

"Kuogelea wapi?"

"Kwenye bwawa la hoteli. Si sisi watalii? Mimi leo nilikuwa ufukweni, pale kwenye ndoo ya kunawia."

Vero akacheka bila kutaka. Kicheko kikamwumiza kifua.

"Jirani unaumwa? Usije ukawa nayo, utufie hapa."

"Si korona. Ni maziwa."

Halafu Nsanzimana akasema kwa sauti nyingine, "Ah. Pole sana, dada. Mke wangu yalimpata hayo. Kanda kwa maji ya moto. Mwambie mzee Anastazi akuletee."

Mzee Anastazi alileta maji ya moto, akayaacha mlangoni akakimbia kama aliyetega bomu.

Benjamin alifika na bodaboda ya kuazima, ameleta ndizi za kupika, maharage na kanga ya kubadilisha. Akasimamishwa nje ya kamba, barabarani. Vero akasimama kwenye baraza. Katikati yao yuko mzee Anastazi na fimbo yake. Mke na mume wakaanza kupigiana kelele kama wanaouziana mbuzi mnadani.

"Koku yukoje?"

"Yupo! Alilia sana, sasa amepunguza!"

"Amepunguza nini?"

"Kulia!"

Hapo hapo kanga ya Vero ikalowa. Akatoa ile chupa aliyoificha nyuma, akaisogeza kwa mzee Anastazi.

"Baba, mpe. Nimekamua asubuhi hii, yana joto bado. Ampelekee mtoto tu."

Mzee Anastazi aliitazama chupa. Yeye ana wajukuu. Mkono wake ulikwisha kunyooka, tena akaufunika na mfuko wa nailoni. Bahati mbaya yule kijana wa afya alikuwa anapita na kipimo chake.

"Hicho ni nini?"

"Maziwa ya mtoto, daktari," mzee akasema.

"Hakuna kitu kinatoka humu ndani. Hata kijiko. Mzee, nilikuambiaje?"

"Basi mleteni mtoto," Vero akasema. "Mleteni aingie, akae na mimi humu humu. Nitalala naye, mtafunga mlango. Kuna ubaya gani?"

Kijana akafikiri. Kwa mara ya kwanza alionekana anafikiri kitu ambacho hakikuandikwa mahali. "Akiingia hatoki mpaka siku zenu ziishe," akasema. "Kama baba yake anakubali, mimi sina neno."

Vero akamgeukia mume wake. Ule ulikuwa mlango umefunguka, na Benjamin ndiye aliyesimama katikati yake.

Benjamin ni mtu mwema. Ndiyo shida yake. Mtu mwema hawezi kumwambia mama yake hapana.

"Nitamwuliza mama," akasema.

"Mtoto ni wa nani, Benjamin?"

"Nitamwuliza tu. Kesho nakuja naye."

Kesho yake alikuja na papai.

"Mama anasema mtoto hawezi kufungwa. Anasema humu ndimo wanamoleta wagonjwa, na wewe umetoka kaburini hujatakaswa, maziwa yako yamelala. Anasema Koku sasa amezoea kikombe, tusimchanganye."

"Na wewe unasemaje?"

Benjamin akatazama tairi la bodaboda. "Wiki mbili zinaisha, mama Koku. Zinaisha hizi."

Papai lile Vero alilipitisha kwa Nsanzimana. Hakuweza hata kulimenya.

Ndani ya chumba chupa zilikuwa zimeongezeka. Zilijipanga dirishani, za juzi zimegawanyika, maji chini, mtindi juu. Chumba kilianza kunuka kama nyumba ya wafugaji. Aliyemletea chakula alishika pua. Vero alijua hawezi kuendelea hivyo. Alijua pia kwamba nje ya ukuta ule mfupi, hatua chache toka bafuni, kuna mgomba, na shina lake limelowana muda wote. Alikuwa anautazama kutwa nzima. Aliujua kuliko alivyoujua uso wa yule kijana wa afya.

Angemweleza mzee Anastazi, pengine mzee angeelewa. Lakini mwanamke anamwelezaje mwanaume wa rika la baba mkwe wake habari za maziwa yake na mgomba? Kuna maneno hayasemeki. Basi asubuhi moja, saa ya kuoga, akaweka chupa zote ndani ya beseni, akazifunika na taulo, akaingia bafuni, akafungua maji yamwagike yapige kelele, akatoka upande wa pili, akaruka ukuta.

Hakukimbia. Kama angekuwa anatoroka angekimbia, barabara ilikuwa pale pale. Alipiga magoti kwenye mgomba, akatenganisha majani makavu, akaanza kumimina taratibu, chupa moja moja, huku midomo inacheza. Alikuwa anasema maneno aliyofundishwa na mama mkwe: usikauke, nisikauke. Na kwa sababu alikuwa bado na msiba wa mama yake shingoni, akalia kidogo.

Hebu sasa wewe uwe mpita njia. Unamwona mwanamke wa karantini, kaja toka nje, yuko nje ya ukuta, kapiga magoti, anamimina kitu cheupe kilichoganda kwenye shina la mgomba wa mtu, anaongea peke yake na analia. Utasema nini?

Mwanamke aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisema kwa sauti ya kupasua: "Mawe, mama wee! Anatumwagia korona kwenye ndizi!"

Dakika hiyo hiyo barabara ilijaa. Wengine wakasema ni korona, wengine wakasema ni uchawi wa Uganda, wengine wakasema vyote viwili vinakwenda pamoja. Mzee Anastazi akaja anahema, fimbo juu.

"Vero! Mwanangu! Umefanya nini?"

"Ni maziwa, baba. Maziwa yangu tu."

Wanaume wawili watatu wakatazama pembeni. Wanawake wa makamo, wale walioelewa, nao wakanyamaza. Hilo ndilo Vero hakulisamehe mpaka leo. Walikuwepo pale wanawake waliojua kabisa kwa nini mama anapiga magoti kwenye mgomba. Walifundishwa kama yeye. Wakaangaliana, wakajifunika mdomo na kanga, hakuna aliyesema, "Jamani, hii ni desturi yetu, mwacheni." Waliogopa wasije nao wakafungwa.

Mwenye gesti, mtu mnene aliyekuwa amefanya biashara ya wageni wale na sasa anaona sifa ya nyumba yake inaharibika, akaita panga. Mgomba ukakatwa pale pale, ukang'olewa na kisiki, ukarundikwa, ukamwagiwa mafuta ya taa, ukachomwa. Ndivyo wanavyofanya mgomba wenye mnyauko, ili usiambukize shamba. Mkungu wake ulikuwa umebakiza kidogo ukomae. Mgomba mbichi hauwaki vizuri, unatoa moshi mzito. Moshi ule ukaingia dirishani kwa Vero kutwa nzima, naye alikaa kitandani amejikumbatia kifua, kwa sababu kama mgomba ni kinga ya ziwa, basi leo amekwisha kuona ziwa lake linachomwa moto.

Kijana wa afya alifika na uso wa mtu aliyepigiwa simu na wakubwa.

"Ulitoka nje ya eneo."

"Nilikwenda kumwaga maziwa."

"Kuna sinki ndani."

"Sinki linakwenda chooni."

"Kwani maziwa yanatakiwa kwenda wapi, mama? Benki?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Ungemweleza vipi mtu ambaye ameshapata kicheko chake?

"Umechanganyika na watu," kijana akaendelea. "Kwa hiyo siku zako zinaanza upya. Leo ndiyo ya kwanza."

"Baba, nakuomba. Zilikuwa zinakaribia kuisha."

"Si mimi. Ni utaratibu."

Mambo mengi nchi hii yanafanywa na utaratibu. Huyo utaratibu hana mama, hana mtoto, na hajawahi kuonekana hadharani akaulizwa swali.

Nsanzimana aliondoka wiki ile. Siku zake hazikuwa zimeisha, hilo Vero alilijua kwa sababu waliingia pamoja. Asubuhi gari lilikuja, mtu aliyetumwa na shemeji yake akashuka, wakasalimiana na huyu, wakacheka na yule, na saa nne marobota yanapakiwa. Alipita chini ya dirisha la Vero akasimama, anaona aibu.

"Dada, mimi natangulia."

"Korona yako imeisha?"

"Yangu ilikuwa ya kuongea nayo," akasema. Halafu akasema, "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nenda. Wasalimie."

Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumtania. Vero alikamua kwenye sinki. Mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya pili hakufumba. Akafungulia maji yakapeleka. Kikombe kilikuwa kinajaa, kikawa kinafika nusu, kikawa kinafunika kitako tu. Kifua kililainika. Mwili ulikuwa unampumzisha, nao mwili haujui kwamba mtu mwingine anaweza asitake kupumzishwa. Asubuhi moja alivuta, akavuta, yakatoka matone ya njano, mazito, kama ya mwisho kwenye chupa ya asali. Akayalamba mwenyewe. Hakujua ayaweke wapi.

Simu za nyumbani nazo zilibadilika. Zamani Benjamin akiweka simu kwenye sikio la mtoto na Vero akisema "Koku, Koku wangu," upande wa pili kilikuwa kinapanda kilio na huku kanga inalowa. Sasa akiita, anasikia mtoto anapiga kijiko kwenye bakuli. Anaita tena. Kijiko kinaendelea.

"Anakusikia," Benjamin anasema. "Anacheza tu. Halafu, ameota jino! Mama ndiye aliyeliona, imebidi ampe kuku."

Aonaye jino la kwanza ndiye anayetoa zawadi. Kwa watu wengine wote ni mama mzazi.

Siku walipomwachia, walimpa karatasi yenye muhuri kwamba yuko salama. Mzee Anastazi alimbebea mfuko hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza akamshika mkono, akausahau ndani ya wake. "Ulifanya la kwenu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata mke wangu alifanya hivyo. Siku ile nilishindwa kusema."

"Ndiyo, baba. Mlishindwa wote."

Kibingo watu walimpokea kwa mbali. Watoto njiani wakaimba "Korona! Korona!" wakakimbia. Vero hakuwatazama. Njia nzima nyuma ya bodaboda alikuwa amejibana kifua kwa mikono miwili, anajiambia kwamba mtoto akishika, maziwa yatarudi. Amewahi kusikia hivyo. Mtoto akivuta siku mbili tatu, kisima kinafunguka. Asivute, basi.

Benadeta alikuwa amemwekea maji ya kuoga yenye majani, kumwondolea kaburi. Vero akaoga yote, akajimwagia hadi kichwani, akakubali kila alichoambiwa. Akavaa nguo safi, akakaa mkekani, akanyoosha mikono.

"Nileteeni."

Koku alikuwa amenenepa. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Kama angekuwa amekonda, Vero angekuwa na mtu wa kumlaumu. Mashavu yalikuwa yamejaa, nywele zimesukwa vizuri, shanga mpya kiunoni. Benadeta ndiye aliyekuwa amekonda, macho yameingia ndani.

Vero akampakata, akafungua kifua. Koku akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa adabu kabisa, kama unavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha baba. Chuchu ikamgusa mdomo. Akafungua. Akavuta mara moja, akangoja, akavuta tena. Hakuna. Akauma. Lile jino lililopewa kuku likaingia.

Vero alimbadilisha titi. Koku akageuza kichwa, akaanza kulia, akajipinda mgongo kama upinde, mikono yote miwili ikaenda kwa bibi yake.

"Mwache kidogo," Benjamin akasema. "Jaribu jioni."

Akajaribu jioni. Akajaribu kesho yake na siku zilizofuata, akanywa mchuzi wa maharage na supu ya karanga mpaka akatapika, wanawake wa kwaya wakaleta kila dawa ya majani, na hakuna aliyethubutu kumwita Frizian. Mtoto akiona tu kanga inafunguliwa alianza kulia. Mwisho Vero akafunga kifua kwa kitenge, akakaza fundo, akaenda jikoni alikokuwa Benadeta.

"Mama. Anakunywaje?"

Benadeta akageuka. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi siku zote hizo, ugomvi haukuja, na sasa hakujua aweke wapi mikono.

"Mwanangu, mimi sikutaka..."

"Najua. Nionyeshe tu anavyokunywa."

Basi akamwonyesha. Kikombe kile cha bati, siyo cha plastiki. Maziwa yapoe hadi yasichome kiganja. Unamkalisha goti la kushoto, siyo la kulia. Unamwimbia ule wimbo wa kuku. Vero akafanya vyote. Koku akapiga kikombe kwa mkono, maziwa yakamwagika.

Benadeta akasita. Halafu akavua kanga yake ya mabegani, ile iliyochakaa, yenye moshi na jasho na ugoro kidogo, akamfunika nayo mkwe wake mabegani, akaivutia juu hadi kichwani.

"Jaribu hivyo," akasema. "Anaijua harufu."

Koku akanusa. Akaegemea. Akashika kikombe kwa mikono miwili akanywa mpaka chini, macho yamefumbwa nusu.

Benjamin aliyekuwa anachungulia mlangoni akatabasamu, mtu mwema yule.

"Si unaona, mama Koku? Amekukubali!"

"Amemkubali mama yako," Vero akasema. "Ongea taratibu, asije akafungua macho."